Simu mbili, kamera ipi? Namna ya kuzipima mwenyewe kabla hujatoa hela

Ukishachuja weee mpaka ukabaki na simu mbili ndio kichwa kinaanza kuuma. Moja imeandikwa megapikseli 108, nyingine 50, unaangalia ile ya 108 unaona hii ndio yenyewe, unalipa. Mimi nilinunua hivyo hivyo. Mchana nje picha zilikuwa zinawaka, nikawa namuonyesha kila mtu, alafu ikafika jioni moja tuko ndani, bibi yangu anampakata mwanangu kwa mara ya kwanza, taa ni moja tu juu ya dari na mtoto anachezesha kichwa kama watoto walivyo. Nikapiga picha 11. Zote 11 mtoto hana uso, ni ukungu tu, na bibi ngozi yake imetoka kijivu utadhani kapakwa majivu. Ile mara ya kwanza hairudi na hizo picha ndio nilizonazo mpaka leo.

Tangu siku ile sinunui simu kwa kusoma namba peke yake wala simshauri mtu hivyo. Ninazo hatua zangu, zinataka simu zote mbili ziwe mbele yako kama saa moja hivi, ikiwezekana jioni, maana jioni ndio simu zinaumbuka. Na kipimo changu ni kimoja tu: siangalii picha nzuri kuliko zote ambayo simu inaweza kutoa, nahesabu ni mara ngapi inaniharibia. Picha moja nzuri sana kila simu siku hizi inaweza kuitoa, jua likiwa zuri na mtu akitulia. Sasa wewe unaoishi nao hawatulii.

Hatua ya 1: fungua picha zako za zamani kwanza

Kabla hujagusa simu mpya yoyote, fungua simu unayotumia sasa uangalie picha 100 za mwisho. Zihesabu kwa mafungu: watu ndani ya nyumba, watu nje, usiku, selfi, karatasi na maandishi, vitu vya mbali, video. Usikadirie kichwani, hesabu kabisa, maana mtu anakwambia "mimi napenda kupiga mandhari" ukifungua simu yake mandhari ziko 4 na zilizobaki ni watoto, risiti na selfi. Mimi zaidi ya nusu ni watu wako ndani na taa imewashwa, na hapo ndio nilipojua ile simu yangu niliinunua kwa ajili ya picha ambazo hata sizipigi.

Mafungu mawili yaliyoongoza yaandike pembeni, ndio yatakayoamua kesi hii huko mbele.

Hatua ya 2: soma sifa za kamera, ila soma zile zenye maana

Megapikseli ni idadi ya nukta tu, megapikseli 1 ni nukta milioni 1. Sasa kitu ambacho tangazo halikuelezi ni kwamba simu yenye megapikseli 108 kwa kawaida haikupi picha ya 108, inachukua nukta 9 inaziunganisha kuwa 1 ili zikusanye mwanga vizuri, unabaki na picha ya megapikseli 12. Ya 50 inaunganisha 4 kuwa 1, unapata 12 na nusu. Ya 200 inaunganisha 16 kuwa 1, napo unapata 12 na nusu. Umeona sasa? Zote zinakuja kukutana pale pale. Na televisheni ya 4K nzima ina nukta milioni 8 na kidogo, kwa hiyo hata ukiitazama picha yako kwenye kioo kikubwa cha ukutani bado megapikseli 12 zinatosha na kubaki. iPhone zote mpya zilikaa kwenye kamera kuu ya megapikseli 12 tangu 6s ya mwaka 2015 mpaka iPhone 13 ya 2021, wakati huo huo Samsung mwaka 2020 walishatoa Galaxy S20 Ultra yenye 108, na hakuna aliyesema hizo iPhone hazipigi picha. Namba kubwa ina kazi yake, mchana kwenye jua ukiweka modi ya megapikseli zote unaweza kukata kipande cha picha kikabaki kinaonekana vizuri, au ukachapisha bango. Basi.

Cha kutafuta ni ukubwa wa sensa, ile sehemu inayopokea mwanga. Chukulia mvua inanyesha, umeweka sinia na kikombe nje kwa dakika ile ile, sinia litakusanya maji mengi kwa sababu limetanuka, sio kwa sababu lina namba kubwa. Ukubwa unaandikwa kwa sehemu kama 1/1.3 au 1/2.8, na hapa watu wengi wanapotea: namba ya chini ikiwa ndogo ndio sensa ni kubwa, kwa hiyo 1/1.3 inaizidi 1/2.8 kwa mbali sana. Ingia tovuti ya GSMArena, andika jina la simu, shuka mpaka sehemu ya kamera, mara nyingi utaikuta hapo. Pembeni yake kuna f/1.8 au f/2.4, hilo ni tundu la lenzi na lenyewe linasomwa kinyume vile vile, namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 1.8 ya lenzi ya f/2.4, kwa hiyo sio tofauti ya kudharau.

Kisha tafuta herufi tatu, OIS. Maana yake ndani ya kamera kuna kitu kinacheza kweli kweli, lenzi au sensa yenyewe, kupingana na mkono wako unapotetemeka. Kama simu moja inayo na nyingine haina, na picha zako nyingi ni za ndani au za usiku, mimi hapo tayari ninaegemea upande.

Wingi wa lenzi nyuma usikutishe. Simu ina kamera nne, ukisoma unakuta mbili ni za megapikseli 2, moja inaitwa makro, ya vitu vya karibu sana, nyingine ya kupima kina, hizo kwa uzoefu wangu ukizitumia wiki ya kwanza huzigusi tena. Bora mbili zinazofanya kazi.

Hatua ya 3: zisawazishe

Hii ni fupi ila ukiiruka umepoteza muda wako wote. Futa lenzi za simu zote mbili kwa kitambaa laini, nyuma na mbele, mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuifanya simu nzuri ionekane mbovu. Zima vile vya kulainisha uso, zima flashi, zima hali ya kubana chaji, weka picha za umbo moja kwenye simu zote, lile la 4 kwa 3. HDR, ile ya kusawazisha sehemu zenye mwanga na zenye giza kwenye picha moja, iache ijiendeshe. Na tumia kamera ya simu yenyewe, usipige kupitia WhatsApp wala Instagram, huko picha inapita kwenye mikono mingine.

Hatua ya 4: piga picha zinazoumiza

Simama pale pale, simu moja, alafu nyingine, ndani ya dakika moja, maana wingu likipita tu unalinganisha vitu viwili tofauti.

Anza na dirisha. Mweke mtu ndani mchana, dirisha liwe nyuma yake, mpige. Hapo simu ina mtihani, nje kuna mwanga mkali na uso uko gizani, ikiokoa uso anga linaungua linakuwa jeupe tupu, ikiokoa anga mtu anabaki kivuli. Simu nzuri inapiga kadhaa kwa haraka inaziunganisha unapata vyote, uso unaonekana na nje unaona kabisa kuna mti.

Hapo hapo angalia ngozi, na hapa naomba usipite haraka. Zamani za filamu maabara nyingi zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zina picha ya mwanamke mweupe, yeye akitoka vizuri basi mashine imekaa sawa, na sisi wenye ngozi nyeusi tukawa tunatoka meno na macho tu. Simu zimerithi sehemu ya hilo tatizo, na hata Google mwaka 2021 kwenye Pixel 6 walikuja na kitu walichokiita Real Tone kwa ajili ya kurekebisha ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Kwa hiyo pima. Waweke watu wawili wenye rangi tofauti kwenye picha moja. Mweusi atoke na weusi wake, asiwe kijivu, asiwe mwekundu, na pia asiwe amepaushwa kwa nguvu kana kwamba simu inamuona kakosea. Angalia paji la uso, ule mng'ao wa asili upo au limekuwa bapa kama karatasi? Angalia kama nywele zinatengana au zimekuwa dude moja jeusi. Simu inayomharibu mama yako mzazi kwenye picha sijui unainunua ya nini hata kama ingekuwa na zumu ya kufika mwezini.

Sasa ndio mtihani wangu mkubwa. Subiri giza liingie, washa taa moja ya chumba, mtafute mtoto, au mtu mzima akubali kutembea na kupunga mikono. Piga picha 10 kwa simu ya kwanza, usimwambie atulie, alafu 10 kwa ya pili. Zifungue moja moja, vuta karibu mpaka kwenye macho, hesabu zile ambazo jicho lina ncha, unaona kope. Andika: ya kwanza 4 kati ya 10, ya pili 7 kati ya 10. Hiyo namba ndio ya kweli kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Ukitaka kujua kwanini moja imeshindwa fungua maelezo ya picha, gusa ile alama ya i au telezesha juu, utaona spidi kama 1/15 au 1/100. Hiyo ni sehemu ya sekunde ambayo kamera ilikaa imefumbua jicho. Kwenye 1/15 mtoto anakuwa ameshageuza kichwa kabla kamera haijafumba, kwenye 1/100 anaganda. Simu yenye sensa kubwa na tundu kubwa inaweza kuthubutu spidi ya haraka zaidi kwa mwanga ule ule. Na uelewe kitu kimoja hapa, OIS inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mtoto, kuna simu zina OIS nzuri ukuta na makochi vinatoka kama vimechorwa ila mtoto ni moshi. Ile yangu ilinifanyia hivyo hivyo.

Modi ya usiku ijaribu ila usiipe maksi nyingi sana. Google waliipa jina kubwa mwaka 2018 na Night Sight, siku hizi karibu kila simu inayo, inapiga nyingi kwa sekunde kadhaa inazijumlisha. Jengo linatoka vizuri, mtu anayecheka hatoki. Cha kuangalia hapo ni taa za barabarani, je zimezungukwa na michirizi na vivuli vya kijani vinavyoelea? Na anga jeusi limebaki jeusi au limejaa chengachenga?

Maandishi. Weka ukurasa wa kitabu mezani, piga kwa karibu. Hapa ndio sensa kubwa wakati mwingine inashindwa na ndogo, maana sensa kubwa haipendi kukaribia kitu sana na sehemu inayotoka safi inakuwa nyembamba, katikati ya ukurasa unasoma pembeni pana ukungu. Dawa ni kurudi nyuma kidogo na kuvuta mara 2. Kama kazi yako ni kupiga hati na karatasi kila siku, pigia pembe zote nne uzisome.

Zumu: vuta mpaka mara 3, alafu funika kwa kidole ile lenzi kuu. Kioo kikiwa cheusi basi hapakuwa na zumu, simu ilikuwa inakata katikati ya picha ya kawaida na kuikuza. Kikiendelea kuonyesha picha, lenzi ya zumu inafanya kazi kweli. Rudia jaribio hilo usiku, kuna simu mwanga ukipungua zinaiacha lenzi ya zumu kimya kimya zinarudi kwenye kuu bila kukuambia chochote.

Selfi piga mbili, moja mkono umeunyoosha wote, nyingine simu iko karibu na uso. Kamera nyingi za mbele hazina fokasi ya kujirekebisha, zimewekewa umbali mmoja, kwa hiyo moja ya hizo picha itatoka laini. Ile ya kufifisha nyuma ya mtu angalia tu masikio, miwani, ukingo wa kilemba au nywele, kama sikio moja limekatwa basi ndio utakuwa unakatwa hivyo kila mara.

Hatua ya 5: video, kama unarekodi

Tembea hatua 20 huku unarekodi na kuongea, kamera ya nyuma, rudia kamera ya mbele. Angalia kama picha inaruka kila mguu unapogusa chini, na angalia kama ukiwasha kituliza mtikisiko fremu inakaza, sura yako inajaa kioo kizima, maana kituliza cha programu kinakata kingo za picha ili kipate nafasi ya kucheza. Kisha funga macho usikilize sauti peke yake. Watu wanalinganisha picha siku nzima wanasahau kwamba video ya mtu anayeongea ukikosa sauti umekosa yote.

Usidanganyike na 4K bila kuhesabu nafasi. Kwenye iPhone, video zikiwa kwenye ule mfumo wa kubana ukubwa wa faili, dakika 1 ya 1080p, yaani HD ya kawaida, kwa fremu 30 kwa sekunde ni kama MB 60, ya 4K kwa fremu 30 ni kama MB 170. Dakika 30 za sherehe kwa 4K ni zaidi ya GB 5. Simu yenye nafasi ndogo itakulazimisha kufuta picha za mwaka jana ili urekodi za leo.

Hatua ya 6: zitazame kwenye kioo kimoja

Hili kosa nalo nimeliona mara nyingi, mtu ameshika simu mbili, kulia na kushoto, anasema "hii picha yake kali zaidi". Hujalinganisha picha hapo, umelinganisha vioo. Kioo cha AMOLED kinaweza kuikoleza picha ya kawaida ikaonekana tamu, ukiituma kwa mwenzio anaona kitu kingine. Zihamishe zote kwenye kompyuta moja au simu ya tatu. Uhamishe kwa waya au utume kama faili, ukizituma WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa na tofauti yote uliyokaa saa nzima unaitafuta inapotea.

Alafu fanya hivi, zipe majina A na B, mwite mtu ambaye hajui ipi ni ipi wala bei yake, muulize tu angependa kuitunza ipi. Usimwelekeze. Mimi nimeona watu wanachagua simu ya bei ndogo mara nne mfululizo.

Kama huwezi kuzishika zote mbili

Tafuta wanaofanya majaribio wakaweka picha halisi za ukubwa wote, pakua za usiku na za ndani, achana na zile za maua na machweo, ua halitembei na jua ni bure. Picha za kwenye tangazo la simu usizihesabu kabisa. Na hakikisha jina la simu ni lile lile mpaka mwisho, kuna simu jina moja ila ya 4G na ya 5G kamera ni tofauti, unasoma sifa za hii unaletewa ile.

Kama ni ya mkononi, iliyotumika, imulike lenzi kwa tochi utafute mikwaruzo na vumbi la ndani, fungua kamera uishike kimya uangalie kama picha inatetemeka yenyewe au inatoa mlio kama nyuki, hapo OIS imeshakufa. Muulize mwenyewe kama alikuwa anaifunga kwenye pikipiki. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu OIS na fokasi.

Kuamua

Rudi kwenye yale mafungu mawili uliyoandika mwanzo. Simu iliyoharibu picha chache kwenye mafungu hayo ndio yako, hata kama ile nyingine imeshinda kwenye zumu, machweo na selfi. Usijumlishe maksi zote kama mtihani wa shule.

Zikifungana kuna kitu kimoja cha mwisho. Funga skrini, weka simu mfukoni, itoe, fungua kamera kwa njia ya mkato, kwenye Android nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, piga picha. Mtu akuhesabie sekunde. Alafu piga tatu za haraka haraka uone kama ya pili na ya tatu zinachelewa. Mimi simu mbili za mwisho zilifungana kwenye mtihani wa mtoto, 7 kwa 7, nikachukua iliyowahi kufunguka, na wiki hiyo hiyo nikaenda nayo kwa bibi jioni, taa moja juu ya dari kama siku ile. Mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa, bibi akamwita, akageuka. Hiyo picha ninayo, kope zinahesabika.